Siku Mitungi ya Bibi Ilipoimba Izia

Juni iliyopita nilirudi nyumbani Izia, na kabla sijashuka kwenye bajaji nilikuwa nimeshausikia muziki. Madirisha ya nyumba ya kaka yangu yalikuwa yanatetemeka. Kijana wake amenunua sabufa mpya, ina taa zinazobadilika rangi, ameiweka sebuleni mahali ambapo zamani palikuwa pa kiti cha baba.

"Shikamoo shangazi! Umeusikia mzigo huo?"

"Marahaba. Nimeusikia tangu barabarani, na Sumbawanga nzima imeusikia."

Nikakaa, nikapewa chai ya moto, maana unaujua upepo wetu wa Juni, hauna huruma. Besi ikawa inanigonga kifuani, nami nikaanza kucheka peke yangu. Kijana akadhani namcheka yeye. Hapana, maskini. Nilikuwa nimeikumbuka sabufa ya kwanza kuingia nyumba ile. Ile haikuwa na taa hata moja, na ilinuka dagaa.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, rafiki yangu, maana ukiishikia katikati utasema nimetunga.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mahindi Kirando, kule ziwani, akarudi na magunia ya dagaa. Alikuwa mtu wa kelele na haraka, na muziki aliupenda kuliko chakula. Lakini redio yetu, jamani, ilikuwa aibu. Redio kaseti ya spika mbili, ya kushoto ilikufa siku nyingi, ya kulia inakoroma. Kila aliporudi safari aliipiga kofi, akatangaza, "Mwaka huu nyumba hii inapata muziki mnene!" Alitangaza hivyo kila mwaka. Mama alishaacha kuitikia.

Halafu akaja bibi, mama yake baba, kuishi nasi. Alitoka kijijini karibu na Chala akiwa na jembe lake, rozari, mitungi miwili mikubwa ya pombe ya ulezi, na kaseti moja aliyoifunga kwenye pindo la kitenge. Kaseti ile ilikuwa ya kwaya ya kigango chao. Zamani, bibi angali na nguvu zake, paroko alipata mgeni mwenye mashine ya kurekodi. Mgeni huyo akasimamisha maikrofoni mbili kanisani, moja kushoto walikokaa wanawake, moja kulia walikokaa wanaume, akawaambia waimbe.

"Na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo," bibi alituambia. Alituambia tukipepeta ulezi, alituambia tukitwanga, alituambia hata mdomoni akiwa na tonge la ugali mweusi. "Peke yangu. Kanisa zima kimya, mimi peke yangu."

Kasoro ilikuwa moja tu. Kwenye redio yetu hakuwepo mtu aliyeanzisha chochote. Kaseti ilianza na ukimya mrefu, ndani yake kitu chembamba kikisikika kwa mbali, halafu ghafla wanaume wanaingia katikati ya wimbo kama waliochelewa misa.

"Wimbo gani huu unaanzia kiunoni?" mama aliuliza.

"Redio yenu imeziba sikio," bibi akajibu.

Sasa tulikuwa na jirani yetu, mfugaji, aliyehamia Izia na familia yake na ng'ombe wao kutoka huko kaskazini magharibi mwa nchi. Alituletea maziwa kila asubuhi, na maneno yake hayakuwa na breki. Kila mtu pale mtaani alimwamkia bibi kwa shikamoo, isipokuwa yeye. Yeye alisema, "Habari za asubuhi, mwimbaji?" Siku aliyosikilizishwa ile kaseti, akainamisha sikio kwenye redio, akakunja uso, kisha akauliza, "Bibi, huyu ni wewe au ni mbu?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Bibi naye alicheka. Siku ya pili akacheka kidogo. Lakini yule bwana akaifanya ndiyo salamu yake, "Mbu ameamkaje leo?", na watoto wa mtaa wakaidaka. Asubuhi moja bibi akaitoa kaseti kwenye redio, akaifunga tena kwenye pindo la kitenge, akaendelea kuchambua maharage. Mimi nilikuwa kipenzi chake, aliniita mke mwenzangu, na siku hiyo hakuniita kitu. Niliumia, nakwambia kweli. Niliona bibi ameanza kujitilia shaka mwenyewe, kwamba huenda wimbo ule aliuanzisha ndotoni.

Ndipo Mungu akashusha lori bovu. Tajiri wa baba aliamua kulichinja lori moja kuukuu liwe spea. Wenzake baba waligombea matairi. Baba akaomba redio ya kaseti iliyokuwa kwenye dashibodi na spika mbili za milangoni. Alifika nyumbani amezikumbatia, anapiga kelele tangu kwenye uzio, "Zinaimba zote mbili! Nimezijaribu! Kushoto na kulia!" Tukatoka mbio. Lile lori lilikuwa limebeba dagaa maisha yake yote, na spika zilinuka kuliko gunia lenyewe. Mama akasema sasa ameletewa ziwa zima sebuleni. Paka wa jirani akahamia kwetu siku hiyo hiyo.

Lo, wiki ile! Sijawahi kuwa na wiki kama ile. Mimi na kaka tulimenya waya kwa meno, hata chai tuliisikia ina ladha ya shaba. Tulisafisha redio kwa pamba na mafuta ya taa. Tuliokota tyubu ya baiskeli tukaikata, tupate mpira wa kukalia spika. Lakini tulikwama kwenye maboksi. Spika bila boksi inalia kama kopo, na mbao nzuri baba hakuziweza. Akakaa kibarazani, kichwa mikononi. Akasema kule Kirando aliona baa moja wameweka spika juu ya mdomo wa mtungi, besi inatoka mpaka mitumbwini, lakini mtungi mkubwa namna ile nani atakupa?

Bibi alikuwa anaota jua pembeni. "Si mnayo miwili jikoni?" akasema.

"Mama, ile ni ya pombe yako."

"Pombe itasubiri. Nataka hilo sikio lizibuke."

Baba alimkumbatia mpaka akamnyanyua juu, bibi akampiga mgongoni kwa mwiko huku anacheka. Nilifurahi mno, maana ndicho kicheko chake cha kwanza tangu habari ya mbu.

Ikabaki betri. Redio ya gari haiendi bila betri ya gari, na mtaani kwetu aliyekuwa nayo, ya kuwashia taa, alikuwa nani? Yule yule wa maziwa. Baba akaenda kumbembeleza. Jamaa akaja nayo mwenyewe kutaka kuona, akamtazama bibi, akasema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Tuwekeane dau. Sauti ya bibi ikitoka humo, betri ni yenu, sitaki kitu. Isipotoka, bibi, nisiisikie tena hiyo habari ya kuanzisha wimbo."

Hata mimi nilitaka bibi akatae. Bibi akafungua pindo la kitenge, akaitoa kaseti, akampa baba.

"Jumapili," akasema. "Baada ya misa."

Jumapili hiyo padri alihubiri nini sijui, nilikuwa nahesabu mabenchi tu. Tuliporudi, uwanja ulikuwa umejaa majirani wamejifunika makoti na mablanketi. Sebule ilikuwa ndogo, kwa hiyo baba na kaka wakaitoa mitungi nje, spika zikiwa zimeshafungwa juu yake. Waliiinamisha mlangoni ipite, kisha wakaiketisha juu ya ngata za nguo kuukuu, zile tunazobebea maji kichwani, mmoja kushoto na mwingine kulia. Bibi akapewa kiti katikati. Alivaa gauni lake la Pasaka.

Baba akaingiza kaseti. Ule ukimya tunaoujua ukaanza. Nikashika mkono wa bibi. Mara, kutoka mtungi wa kushoto: chwachwachwachwachwa!

"Jamani!" jirani akadakia. "Sasa bibi anapepeta ulezi!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata aliyesimama nyuma kabisa alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Bibi akauachia mkono wangu, akainuka, akaanza kuelekea ndani. Baba akazima redio, uso umemshuka, anasema spika imepasuka, spika imepasuka. Akafungua mpira, akainyanyua spika na kuigeuza. Punje ndogo nyekundu zilikuwa zimejaa kwenye mgongo wake, nyingine zikamwagika miguuni mwake.

Ulezi! Haki ya Mungu, ulikuwa ulezi wa kweli.

"Nani ameweka ulezi humu?" baba akafoka.

Bibi akageuka mlangoni. "Mimi. Ulitaka mtungi wangu utoke jikoni mtupu?"

Hapo ndipo tulipokumbuka, sote, na mama akajishika kichwa. Bibi alikuwa na sharti lake, alilipata kwa mama yake, kwamba mtungi wa pombe ukitolewa jikoni kwa sababu yoyote, ubaki na konzi ya ulezi ndani, usije ukasahau kazi yake. Alitia konzi moja kila mtungi kabla ya kutukabidhi, nasi hatukuchungulia. Ilikuwa imetulia chini siku zote hizo. Walipoinamisha mitungi mlangoni, ikapanda kwenye spika. Sauti yake ilikuwa inatoka, ila ulezi wake mwenyewe ndio uliokuwa unaifunika.

"Mama, tuutoe tu," baba akamsihi.

"Sitoi."

"Ni dakika chache!"

"Basi rudisha mitungi yangu."

Wakasimama hivyo, mama na mwana, vichwa vigumu vile vile, na jirani ameshaanza kuikusanya betri yake. Mimi sijui nilipata wapi akili. Nilikivua kitambaa changu cha kichwani, nikaukusanya ulezi wote wa mtungi wa kushoto, nikaufunga fundo gumu, nikamwonyesha bibi kwamba haikupotea hata punje, nikautumbukiza tena ndani. Mama akavua chake, akafanya vile vile kwa wa kulia. Bibi akatazama fundo, akanitazama mimi. "Ee, mke mwenzangu," akasema, akarudi kitini.

Baba akairudisha kaseti mwanzo. Safari hii hakuna aliyecheka.

Ukimya. Upepo kwenye uzio. Halafu, kutoka kushoto, sauti ya mwanamke. Si mbu! Sauti nene, changa, yenye haraka, imetoka peke yake bila kinanda, bila mtu, imeushika wimbo na kuupeleka. Ilijaa uwanja. Nikageuka kumtafuta aliyesimama nyuma ya mtungi, kweli tena, niligeuka. Ikaimba ubeti mzima hivyo, ndipo wanaume wakaingia kutoka kulia, na kwa mara ya kwanza niliwaelewa. Walikuwa wanamfuata yeye!

Mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni. Baba alikuwa anarukaruka kimyakimya, mikono juu. Mama analia. Bibi amefumba macho, ameweka kiganja kifuani.

"Niliwahi," akasema taratibu, kama anaungama. "Kinanda kilikuwa bado. Mwalimu wa kwaya alinikata jicho. Lakini nilikuwa nimeshaanza, ningerudije?"

Wimbo ulipokwisha, jirani alisimama, akavua kofia yake. Akatembea mpaka mbele ya kile kiti, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," bibi akajibu. "Betri iache hapo hapo."

Uwanja ulilipuka! Tuliicheza ile kaseti mpaka mikono ya baridi ikaota moto. Mama alisonga ugali wa watu wote, dagaa wa Kirando hawakutosha, jirani akaagiza maziwa kwake. Na bibi, ubeti wa mwisho wa mara ya mwisho, akaanza kuimba pamoja na yule msichana wa kwenye mtungi, sauti kuukuu chini, sauti changa juu. Ile redio ya lori haikuweza kurekodi. Hata ingeweza, nani angekumbuka?

Tulikuja kuwa na redio nyingi baadaye, zilizotoka dukani ndani ya maboksi yake. Hakuna iliyonitetemesha namna ile. Bibi alitutoka, baba akamfuata. Jirani alikuwa ameshahama na ng'ombe wake bibi angali hai, na mpaka siku anaondoka alikuwa akimwamkia bibi kwa adabu. Kaseti tuliipenda mno, tukaichezesha mpaka utepe ukalegea, siku moja mashine ikautafuna na hatukuweza kuuokoa. Mtungi wa kulia ulipasuka tukihamisha vitu. Leo simu yangu inaniletea nyimbo za dunia nzima, na wimbo ule upo pia, kwaya nyingi zimeuimba. Nimezisikiliza zote. Wote wanasubiri kinanda.

Baada ya chai nilimwomba kijana azime sabufa kidogo, nikaenda stoo. Mtungi wa kushoto upo, umewekewa majembe. Nikaingiza mkono mpaka chini, na kitambaa changu nikakikuta, kimechakaa, fundo halijafunguka. Nikakitikisa sikioni, nikakirudisha.

Jumapili tukaenda misa, familia nzima. Padri akakaa, kwaya ikainuka, mpiga kinanda akaanza kupekua kurasa zake. Niliujua wimbo unaokuja. Kanisa lilikuwa kimya, na vidole vya yule kijana wa kinanda vilikuwa bado hewani. Nikaanza.

Watu wa benchi la mbele wakageuka. Mtoto wa kaka akanivuta kitenge, "Shangazi, bado!" Lakini nilikuwa nimeshaanza.