Dresa Anasema Uvimbe Wangu Umeletwa na Gongo

Wasomaji wenzangu, mwenye ukurasa huu wa gazeti nimemwomba alifiche jina langu. Nina miaka thelathini na minne na watoto wawili, mume wangu ni kibarua katika mgodi wa dhahabu wa Wazungu huku Geita. Mguu wangu wa kulia ulipooza utotoni, natembelea gongo. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kwa hiyo barua hii naandika mwenyewe, na naandika kwa hasira.

Mwaka jana nilijipapasa titi la kushoto nikakuta kitu kigumu kama njugu mawe. Sasa kimefika kwapani. Mama yangu mdogo alianza hivyohivyo, kifua kikaoza mpaka tukamzika, ndiyo maana naogopa. Yuko mama daktari wa misheni anayepita dispensari yetu mara moja kila msimu kuwapima wanawake, kansa ikiwemo. Lakini humwoni mpaka dresa, yule msaidizi anayefunga vidonda na kugawa dawa, akuandike jina, na dresa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu.

Nikapanga foleni. Walionitangulia wote aliwauliza wanaumwa nini. Mimi hata hakuniuliza, alitazama mguu tu, akanipa dawa ya kuchua! Nikamwambia, "Shemeji, nimekuja kwa ajili ya titi."

Akaguna. "Hilo ni gongo linakusugua kwapa. Nenda nyumbani."

"Gongo nashika mkono wa kulia. Uvimbe uko kushoto."

"Kumbe siku hizi dresa ni wewe, kiwete?"

Watu wakacheka. Daktari alikuwa chumba cha pili, akaondoka bila kuniona. Mshenzi mkubwa yule dresa!

Nikadhani mume wangu atanitetea. Wapi! Akasema, "Ukimruka mdogo wangu ukaenda kumshtaki kwa daktari, usirudi hapa. Nilitoa ng'ombe, watoto wanabaki. Na kwa mguu huo tuone nani atakuoa."

Daktari anarudi pamba ikishavunwa. Nimeapa nitaingia chumbani kwake hata kwa kutambaa, halafu nikiwatazama wanangu nguvu zinaniishia. Anayetaka kuniambia nivumilie asipoteze wino wake. Ninyi wengine nishaurini, nifanye nini? Nikienda nitawakosa watoto, nisipoenda wao watanikosa mimi.