Siku Ukumbi Haukulala

Nina kigugumizi tangu utotoni. Siku ya semina ya wafugaji wa kuku pale Ipogolo nilikaa viti vya nyuma na dada yangu, kama kawaida yangu. Tulikuwa tumeshakula wali, na watu walianza kusinzia. Mtoa mada alikuwa mwanamume kutoka Mbeya, na sifa yake ilikuwa moja: akifundisha yeye, hakuna anayelala.

"Nani kuku wake wamekufa kwa ugonjwa wa kideri?" akauliza.

Dada akaninyanyua mkono. Nikaitwa mbele, nikawekewa maiki mdomoni.

"Ku-ku-ku-ku..." nikaanza.

"Jamani, huyu mama hana haja ya kununua kuku," akasema. "Atataga mwenyewe!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Hakunirudisha kwenye kiti. Kila alipoona vichwa vinainama alinisogezea maiki, nami kwa woga nikajaribu tena, watu wakapiga meza. Kisha, wote wakiwa macho, akaendelea kuwaeleza habari za chanjo. Nilimtafuta dada yangu kwa macho. Alikuwa anajifuta machozi kwa khanga, anacheka.

Mwishoni yule bwana alinipa mkono. "Asante mama. Bila wewe wangelala." Nilianza kumjibu, lakini hakusubiri neno litoke.

Njiani dada alirudia somo zima bila kukosea. "Yule anajua kufundisha," akasema. Mimi sikuwa nimeshika hata kitu kimoja. Nilipopata chanjo ya kuku wangu ikabidi nimwulize dada inachanganywaje. Alicheka kwanza, ndipo akanijibu.