Namba ya Mtu Unayemwamini

Ukifika Mangobo, huku Kisangani, na simu mpya mfukoni, usiiwashe kabla ya kuipitisha kwa Larissa. Hivyo ndivyo wenyeji watakavyokuambia, na hawatanii. Kuna watu waliorudisha simu dukani ikiwa bado ndani ya plastiki yake kwa sababu Larissa aliigeuza mara moja mkononi, akaipima uzito, akakunja pua.

Ana meza kando ya soko, na juu yake chaja, vioo vya kubandika na unité za kuuza, yaani salio la simu. Meza hiyo ni kisingizio tu, maana kazi yake hasa ni mdomo. Kila Jumapili baada ya misa hurekodi sauti kwenye WhatsApp, na kabla wali haujaiva sauti hiyo imeshafika Yangambi, mbali huko chini ya mto. Watu humsikiliza wakiwa wanakaanga makemba, zile ndizi kubwa, na mafuta huungua.

"Batu yangu, sikilizeni," huanza hivyo siku zote. "Ile simu ya macho mane ku mugongo, musidanganyike. Macho mbili inaona, mbili ni ya kupendeza tu. Na ile application mupya yenye kujibu kila kitu, bon, iko na akili, mi siwezi kukataa. Niliiuliza bei ya kwanga huku Mangobo, ikanijibu bila haya. Lakini musiitume sokoni, itawarudisha na njaa."

Ni mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mzaliwa wa Yanonge, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Aliolewa na Cyprien, muuguzi mpole anayepiga pasi hata soksi. Harusi haijapoa vizuri, bwana akapewa kazi Opala. Mtu wa Kisangani akisikia Opala huguna kwanza, kisha huuliza utafikaje: unateremka na mto Kongo hadi Isangi, halafu unaupanda Lomami hadi mgongo uchoke. Nyumba ya Cyprien iko chini kabisa ukingoni, ambako mtandao haufiki. Akitaka kusikia sauti ya mkewe lazima apande mpaka kwenye parokia, asimame uwanjani na kuinua simu huku na huku.

Walikubaliana kwamba Larissa atamfuata. Ndilo jambo moja alilolitaka, kulala na kuamka karibu na mume wake. Lakini alikuwa ameshafungwa, na aliyeifunga kamba hiyo ni yeye mwenyewe, kwa ushauri wake.

Ilikuwa hivi. Vijana wa pikipiki walikuwa wameanza kunyakua simu sokoni. Mwizi akishaipata simu yako anaingia kwenye akaunti zako, anawaandikia ndugu zako kwa jina lako: niko hospitali, nitumieni haraka. Kaka yake Mama Rosine, muuza kwanga, ile mikate ya mihogo, alituma pesa akiwa Kindu, akalia njiani akidhani dada yake anakata roho, kumbe dada alikuwa anafunga kwanga kwenye majani, mzima wa afya. Larissa akakasirika, akarekodi.

"Kwa compte yako, usiweke namba yako peke yake, juu mwizi anabeba simu na namba pamoja. Weka namba ya mutu mwingine, mutu unayemwamini. Mwizi akijaribu kuingia, code itaanguka kwa huyo mutu, na mwizi atabaki mulangoni."

Code ni zile namba sita zinazotumwa kwa ujumbe ili kuhakikisha kwamba anayeingia ni mwenyewe. Ushauri ulikuwa mzuri, hata leo hakuna anayeupinga. Ila moyoni Larissa alifikiri mume ataweka namba ya mkewe, mama ataweka ya mwanawe, na dunia itaendelea. Hakuwajua majirani zake.

Wa kwanza kuja alikuwa Falonne, mke mdogo wa dereva wa lori. "Ya Larissa," alimwita kama dada mkubwa, "mi naweka yako."

"Na bwana yako?"

Falonne alicheka mpaka akashika meza asianguke. Jioni bwana mwenyewe akaja, kofia imeshuka machoni, akaomba hilohilo kwa sauti ya chini. Papa Jafari, mfanyabiashara wa vitenge aliyetoka Kasongo, ana vijana watatu wakubwa, na alisema wazi kwamba akiweka namba ya mmoja wao, duka litauzwa yeye bado anakohoa. Mama Rosine alimwamini mchungaji wake, lakini mchungaji ana mke, na mke ana mdomo. Wakaja mmoja mmoja. Kila mmoja alimwona Larissa ni mtu safi, hana ubia na mtu, hana watoto wa kurithi, mume yuko mbali. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kufikia mwisho wa msimu ule wa wizi, nusu ya avenue, yaani mtaa wake, ilikuwa imemweka Larissa mlangoni kwake awe bawabu.

Kazi ya bawabu haina Jumapili. Mtu akibadilisha simu, akisahau neno lake la siri, akitaka kuingia kwenye akaunti kwenye simu ya jirani, code inaanguka kwa Larissa. Ujumbe hauji na jina. Code inaanguka tu, kavu, kisha mwenyewe anapiga: "Larissa, imefika?" Na yeye anaisoma, polepole, mara mbili. Hakuwahi kuuliza ni ya nini. Angeuliza angejua, na akijua mambo ya mke na ya mume kwa pamoja, atakaa wapi? Kwa hiyo alikuwa anasoma na kunyamaza. Alisoma akiwa na povu machoni bafuni. Kwenye msiba wa mjomba wake alisoma katikati ya nyimbo mbili, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa aliyekuwa akiingoja alikuwa amekaa safu ya mbele.

Pasaka iliyopita alifunga mizigo. Alipanda baleinière, lile boti kubwa la mbao, akampigia Cyprien saa ambayo huwa amepanda parokia: "Niko mu bateau, nakuja." Kabla boti halijang'oa nanga, Papa Jafari akapiga simu. Akaunti yake imefungwa, wateja wanangoja vitambaa, code tatu zimekataa, aje amsaidie. Larissa akashuka kwa dakika chache tu. Boti likaenda. Cyprien alivaa shati jeupe, akashuka gatini Opala siku baada ya siku kungoja mke wa kwenye simu. Alipopata habari alisema tu, "Haya." Larissa aliona haya.

Basi kabla mvua za Septemba hazijaanza, akarekodi sauti ya mwisho. Aliwaambia anaondoka. Anakokwenda mtandao ni wa kubahatisha. Kila mtu aje wabadilishe namba, aweke ya mtu mwingine.

Walikuja, huwezi kusema hawakuja. Walikaa kwenye benchi, wakashika simu zao, wakafikiri. Ungeona jinsi mtu mzima anavyotafuta kichwani mtu mmoja wa kumwamini, midomo ikicheza, halafu uso unazimika kama jiko lililomwagiwa maji. "Nitarudi kesho," walisema, na kesho hawakuonekana.

Badala yake wakaitisha mkutano sebuleni kwa Papa Jafari. Shauri lilikuwa jepesi: Larissa aende, lakini kadi yake ya simu ibaki. Ibaki kwa nani? Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mama Rosine alisema kwa padri, padri hana mke. Papa Jafari akajibu kwamba anawaheshimu sana mapadri, ila siri za duka la Mwislamu hazilali sakristia. Basi kwa imamu? Mama Rosine akatazama dari. Kwa Papa Jafari mwenyewe? Falonne aliguna kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. Mmoja akataja mkuu wa bloc, kiongozi wa serikali wa mtaa, na hapo angalau wote walipatana, wakacheka pamoja.

"Donc hakuna," alisema Papa Jafari, akijifuta jasho. "Binti yangu, unaona mwenyewe. Hakuna."

"Papa Jafari, mi niko na bwana."

"Bwana yako aombe kazi ya huku. Sisi tutamuandikia barua muzuri."

"Weye ni mutoto yetu," Mama Rosine alisema, na machozi yalimtoka kweli, huyu mama hajawahi kulia kwa uongo. "Mutoto anaacha je nyumba yake wazi?"

Kesho yake wakamletea kiti. Kilikuwa kipya, cha mto laini na mahali pa kuegemeza mikono, akae vizuri mezani pake. Larissa alikitazama kama mbuzi anavyotazama kamba. Akawashukuru kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka, na moyoni akaapa kuwatoroka.

Aliondoka siku ya soko kubwa, asubuhi, wakati kila mtu ana shughuli. Hakuaga. Alipanda toleka, baiskeli ya abiria, begi mapajani, akamhimiza kijana akanyage. Gatini alipata nafasi kwenye baleinière ya kwenda Opala, akakaa juu ya gunia la chumvi. Hakumpigia Cyprien. Safari hii hataahidi kitu, atatokea tu mlangoni na begi lake.

Lakini boti la mto haliondoki kwa sababu abiria amekata shauri. Nahodha alikuwa anangoja mzigo wa sabuni. Jua likapanda. Sabuni haikuja. Code ikaanguka, Falonne akapiga, Larissa akasoma, na nyuma ya sauti yake Falonne akasikia wachukuzi wanatukanana na kengele ya boti jirani. Avenue nzima ikajua kabla ya saa sita.

Wakaja gatini. Hawakuja kumzuia, ndilo lililoumiza zaidi. "Enda na amani, Ya Larissa," alisema Falonne akiwa amesimama kwenye tope, "lakini nisomee moja tu mbele ya kuenda, ninataka kubadilisha neno la siri." Mama Rosine akaingia mtoni hadi magotini, kitenge kimeloa, simu ameinua juu. Papa Jafari akafika na mwavuli. Wengine sita, saba nyuma yake. Kila mmoja alitaka kuingia, kuhakikisha, kuandika, kuhamisha, kabla mlango haujaondoka na maji. Code zikawa zinaanguka mfululizo, na Larissa anazisoma kwa kupaza sauti kutoka ubavuni mwa boti.

"Hii ya nani? Imeanguka sasa hivi!"

"Yangu!"

"Na hii ingine?"

"Hiyo ni yangu, binti yangu, rudilia!"

Nahodha akamuuliza kama anasafiri au anafungua ofisi. Abiria wakacheka. Larissa pia alicheka kidogo, maana angefanya nini.

Ikaanguka nyingine. "Hii ya nani? Nani ameomba?" Ukingoni walitazamana. Akauliza tena, wakatikisa vichwa. Ndipo simu ikaita mkononi mwake, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa la Cyprien.

"Lari, kuna code imefika kwako?"

"Iko hapa."

"Nisomee mbio, réseau inakatika."

Akamsomea. Polepole, mara mbili, kama anavyomsomea kila mtu. Alipomaliza ndipo alipouliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza yeyote.

"Ni ya nini?"

"Nabadilisha namba ya kwa compte yangu, natosha yako. Simu ikipotea huku, kukupata weye ni mpaka nipande kwa parokia. Nimeweka ya Léon, mwenzangu wa kazi ku centre de santé. Yeye namuona kila siku."

Larissa aliibana simu sikioni. "Cyprien, mi niko mu bateau. Nakuja."

Upepo wa uwanja wa parokia ulipita kwenye simu.

"Ulisema vile Pasaka."

"Leo ni kweli! Nimekaa ndani, sikia mwenyewe." Akainua simu juu ili mume wake asikie mto na boti. Injini ilikuwa imezimwa. Kilichosikika ni Mangobo: Mama Rosine akiita kutoka majini, Falonne akipiga makofi, Papa Jafari akikohoa na kusema binti yangu, binti yangu, yangu imefika? Larissa aliwapungia mkono wanyamaze. Wao walidhani anawaita, wakazidisha. Akarudisha simu sikioni.

"Nimesikia," alisema Cyprien. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Uko ku avenue, Lari."

"Niko mu bateau, nakuapia Mungu!"

"Code imekubali. Asante."

Ikakatika. Akapiga tena, na sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Ameshashuka kilima. Larissa alilia akiwa ametazama mbele, bila kuficha uso. Ukingoni waliona, wakasema kumbe anatupenda, na Mama Rosine naye akalia mlemle ndani ya maji. Sabuni ilikuwa bado haijafika. Nahodha aliufungua mkate wake akaanza kula.

Simu ikalia tena kwa ufupi, mlio wa ujumbe.

"Hiyo ni yangu," aliita Mama Rosine akijipangusa. "Mwanangu, nisomee."

Larissa akakifuta kioo kwa ncha ya kitenge, akaanza kusoma.