Nilimsinga Mimi, Sifa Zikaenda kwa Kopo

Admin, jina langu nifichie, sema tu ni mwanamke wa pande za Tiwi, miaka thelathini na mmoja, watoto wawili. Kazi yangu ni kusinga maharusi. Singo natwanga mwenyewe: msandali, karafuu, manjano, na maua ya waridi nakausha kivulini. Siku saba namsugua bibi harusi, akitoka ndani kila anayemwona anauliza kafanywa nini. Nimefundishwa na bibi yangu na naijua vizuri.

Binti wa mama yangu mdogo anakaa Diani, anafanya video za mtandaoni, ana wafuasi wengi. Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja utotoni. Alipoolewa mwaka jana nilimsinga mimi, bure, kwa mikono hii. Ngozi ikatoka nyororo, inang'aa, mpaka mamake akalia kwa furaha. Wiki mbili baadaye naona video yake. Ameshika kopo la krimu, anajipapasa shavu, anawaambia watu kwamba siri ya uso wake wa harusi ndiyo hiyo. Mimi hakunitaja hata kwa bahati mbaya. Nilisoma maoni yote, wanamsifia ngozi niliyoitolea jasho mimi, na roho ikaniuma nikashindwa hata kula. Siwadanganyi, kilikuwa kijicho. Nilitamani lile kopo limuumbue.

Nikamuuliza mbona hivi. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti, anacheka: "Dada, hiyo krimu hata sijaipaka. Nimelipwa niisifu tu. Nikisema ni tangazo, nani atanunua?" Akaniomba nisimwambie mtu. Ujumbe ule sikuufuta.

Basi mwezi uliopita nikaitwa Msambweni kumsinga msichana mmoja. Naingia chumbani namkuta amekaa mkekani, kopo lile lile mapajani. Akanipa shikamoo yake vizuri, kisha akaniomba niache singo, nimsinge kwa krimu kama alivyosingwa yule wa kwenye video. Mamake akaunga mkono, akasema mambo ya kutwanga yamepitwa na wakati.

Hapa ndipo nilipokosea, na ndicho kilichonileta kwenu. Neno moja lingetosha: yule nilimsinga mimi, na krimu hii hajaipaka. Lilinifika mpaka kwenye ulimi. Lakini nikawaza, acha ngozi iharibike, watu wamjue yule wa Diani alivyo mwongo. Nikafungua kopo. Krimu ya kupaka kidogo usoni, mimi nikaisugua mwili mzima, asubuhi na jioni, kama singo. Siku ya pili akaniambia inamuwasha. Nikamwambia avumilie, ngozi inajivua. Siku ya nne uso na shingo vikavimba, vikatoka malengelenge. Aliolewa hivyo hivyo, mtandio ameushusha mpaka kidevuni, na hakukubali kupigwa picha hata moja. Mpaka leo ana mabaka.

Mwenzangu wa Diani habari zikamfikia. Akatoa video nyingine, eti krimu haina neno, shida ni wasingaji wa vijijini wasiojua kuitumia. Bado anaisifu, na wasichana bado wanainunua kwa ajili ya harusi zao. Mimi nimekataliwa harusi tatu. Kila nikifungua simu namwona anang'aa, anapongezwa, na kijicho hakijaniisha, wallahi, hata baada ya yote haya.

Ule ujumbe wa sauti ninao. Nikiutoa leo, uongo wake umekwisha na wasichana watajua. Lakini ujumbe una tarehe yake, na tarehe hiyo ni ya mwaka jana. Mtu yeyote atahesabu na kuona kwamba nilipoingia chumba kile Msambweni nilikuwa najua kila kitu. Nikinyamaza, mwingine atavimba kama huyu, na mimi nitakuwa nimenyamaza mara ya pili.

Nilikuwa nimeshaanza kujipa moyo niutoe. Jana yule bibi harusi akaniandikia. Nilidhani ni matusi, nikakawia kuusoma ujumbe wake. Aliandika hivi: "Dada, mama anakulaumu, lakini mimi namwambia kila siku akuache, wewe hukujua."

Ndugu zangu, nilijua. Huyu mtoto wa watu nimjibu nini? Nishaurini.