Kombe langu pekee, na Kambale niliyemnyima fainali

Wakuu, heshima zenu kutoka Goma. Ninayoandika hapa ni kweli yote. Nimeficha jina la chuo tu. Aibu nimeiacha wazi.

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa kocha mkuu wa timu ya soka ya chuo kimoja kidogo huku mtaa wa Mapendo. Hilo "mkuu" lilikuwa pambo, maana msaidizi sikuwa naye. Asubuhi nafundisha sosholojia, mchana napuliza filimbi kwenye uwanja wa mawe ya volkano, ambako mchezaji akianguka anaacha ngozi.

Rekodi yangu? Kombe moja. Ndilo lililonileta hapa.

Sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale, baba apende asipende. Mwaka ule nilikuwa na akina Kambale wawili.

Mmoja, mshambuliaji, wenzake walimwita Moto. Mwingine, beki, walimwita Benchi. Sidhani kama nahitaji kueleza.

Benchi alikuwa mwaka wa mwisho. Hakuwahi kuanza mechi hata moja, lakini mazoezini alikuwa anafika kabla yangu. Kabla ya nusu fainali nikamwahidi mbele ya wote: tukifika fainali, utaanza.

Wenzake wakamcheka. "Benchi, utaweza kweli kusimama dakika tisini?"

"Nitasimama. Tena Papa yangu atatoka Butembo kuniangalia."

Nusu fainali tukashinda, ila Moto alimpiga mtu kiwiko akaonyeshwa kadi nyekundu. Mvua ilikuwa inanyesha, Benchi naye alikuwa ameingia dakika za mwisho, namba za jezi zetu zilishabanduka zamani, na refa aliandika kwenye ripoti jina moja tu: Kambale.

Siku chache baadaye waandaaji wakaniita nithibitishe. Kambale yupi? Mbele yangu orodha ya timu, na kalamu.

Wakuu, sikukosea. Nilijua ninachofanya. Nikaweka alama kwa Benchi.

Nilimwita pembeni nikamwambia.

"Coach, lakini ile kadi haiko yangu."

"Najua."

"Na Papa ameshapanda gari."

"Timu inamhitaji Moto. Siku moja utanielewa."

"Sawa, coach."

Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha haki katika jamii, kila Jumanne.

Fainali ikachezwa. Moto akafunga bao la pekee. Wachezaji wakabeba kombe, wakanibeba na mimi, kilo zangu zote.

Waliponiweka chini, nikakuta mzee mmoja ananingoja kwenye mstari, koti la kuendea misa mwilini, kuku hai kwapani. Benchi alikuwa nyuma yake, suruali ndefu na viatu vya kawaida, anatazama mawe.

"Mwalimu, mimi ni baba yake na Kambale. Mutoto amenieleza yote. Alipiga mwenzake kiwiko, mukamusimamisha. Kwetu hatukumulea vile. Pokea huyu kuku, umusamehe."

Nikamtazama Benchi. Hakuinua macho. Alikuwa amelibeba lile kosa mpaka kwa baba yake mzazi, ili mimi nisidharauliwe.

Sentensi moja tu ya kweli ingetosha. Moto alikuwa hatua tano kutoka pale, waandaaji wamesimama karibu, kombe liko mikononi mwangu.

Nikasema, "Nimemsamehe, mzee." Nikampokea kuku.

Niliendelea kufundisha soka misimu miwili zaidi. Sikushinda kitu, na sikushangaa.

Nilichojifunza ni hiki: tukitafuta mtu wa kuumia, hatumtafuti mwenye kosa. Tunamtafuta yule tunayejua hatapiga kelele. Halafu tunamsifu kwa nidhamu.

Kambale sasa ni mwalimu kule Beni, ana watoto watatu. Kila mwaka mpya ananitumia salamu, na hajawahi kuligusa jambo lile. Juzi ndipo mtu wa kwao akanisimulia, huku anacheka, kwamba wajukuu wakigombana yule mzee huwakalisha chini na kuwaambia wasije wakawa kama baba yao, aliyempiga mwenzake kiwiko akamtia aibu mwalimu wake.

Namba ya mzee ninayo. Nimeifungua mara kadhaa wiki hii.

Nimpigie? Au nitakuwa namvua Kambale nguo mbele ya baba yake, kwa uongo aliousema kwa ajili yangu? Niambieni, wakuu. Hata atakayenitukana nitamsoma mpaka mwisho.