Dobi na Wakaguzi wa Vumbi

Dobi ndiye aliyekuwa amebaki peke yake mtaani. Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa imekula kilima kizima, shimo likafika mwendo wa dakika tano kutoka mlangoni kwake, na kila baruti ilipolipuliwa vyombo viligongana kabatini. Kampuni iliahidi kumwagia maji barabara za malori ili vumbi lisiruke. Maji hayo yalionekana siku ya waandishi wa habari tu.

Majirani walikaguliwa nyumba, zikaandikwa kuwa zimeathirika, wakahamishiwa ng'ambo ya mto. Dada yake alikwenda nao, na tangu mke wa Dobi afariki huyo ndiye aliyekuwa mtu wake. Dobi mwenyewe alirukwa, maana siku ya ukaguzi alikuwa amelazwa hospitali kwa kifua. Aliyezoea kufua shuka za mtaa mzima sasa alifua zake mbili, akazianika, zikachafuka kabla hazijakauka, akazifua tena. Mchana alijikuta akiisimulia pasi habari za majirani. Upweke ulimtafuna, wala hakuwa na wa kumwambia.

Siku moja dada akapiga simu. Alikuwa ameisumbua ofisi hadi ikachoka: wakaguzi wangepita Alhamisi, mara ya mwisho, kisha orodha ya wa kuhamishwa ifungwe.

Dobi akakunja mikono ya shati. Kwa siku tatu alisugua kuta, akapangusa madirisha, akapanda ngazi na kifua chake kile akaosha bati. Nyufa alizijaza saruji, akapaka chokaa juu. Mtu aliyeishi miaka arobaini kwa kuondoa madoa utamwambia nini? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa unaosubiriwa na mkaguzi hawakuuzungumzia.

Wakaguzi walikuja wawili. Mkubwa wao alipitisha kidole dirishani, akakitazama, hakikuwa na kitu. Dobi akatabasamu, maskini, kwa fahari kabisa.

"Mzee, nyufa ziko wapi?"

"Nimeziba."

"Na vumbi?"

"Nimelifuta, mwanangu. Ningewakaribishaje kwenye uchafu?"

Mkaguzi akafungua daftari lake. Hakuwa mtu mbaya.

"Mimi naandika ninachokiona, mzee wangu."

Hapo ndipo Dobi alipoelewa. Aliwasihi wasubiri hadi kesho tu, vumbi lirudi, walione wenyewe. Mkaguzi akamweleza kwa upole kwamba orodha inafungwa leo, kisha akampa kalamu atie sahihi kwamba nyumba ni nzima.

Gari lao halijafika hata kwenye kona, simu ikaita. Dada alitaka kujua wamesemaje.

"Wameisifu sana nyumba," Dobi akasema.

"Alhamdulillahi. Basi ngoja nikutandikie kitanda, kaka yangu."

Akamsikia akiweka simu mezani bila kuikata, akifungua kabati, akitafuta shuka.