Dume Nililolitafsiri Vibaya

Zipo siku nyingi nilizosahau, mwanangu, lakini ile ya msimu wa pamba naikumbuka yote, kwa sababu siku hiyo nusura nimuue baba yangu kwa neno moja. Sikumtukana wala sikumdanganya. Nilitafsiri tu.

Baba alikuwa mtu wa Kisukuma kitupu. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu na bei ya ng'ombe mnadani. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimemaliza darasa la saba, namsaidia bwana mifugo kuhasi mafahali vijijini. Kila ofisi aliyokwenda baba, ulimi wake ulikuwa mimi. Na kijana akishafanywa ulimi wa mzee hujiona anajua kila neno.

Asubuhi hiyo mkojo ulikuwa umemgomea tangu jana yake. Tulimfikisha hospitali hapa Bariadi kwa mkokoteni, kila shimo la barabara akiuma meno. Wakampitisha mpira, mkojo ukatoka, akafumba macho kwa raha. Daktari akaniambia nimweleze mzee kwamba tezi dume imekua, inabana njia ya mkojo, arudi baada ya wiki mbili wamfanyie upasuaji waitoe.

Nikasikia dume. Kwangu dume lilikuwa moja tu, lile la zizini, na kulitoa udume wake ndiyo kazi iliyonipa ugali. Nikamgeukia baba, nikamwambia kwa lugha yetu kwamba hawa watu wanataka kumfanya maksai.

Baba hakubisha. Alimshukuru daktari kwa heshima, akapanda mkokoteni na mpira wake. Njiani aliwatazama sana wale maksai wawili waliokuwa wanatuvuta, kisha akasema, "Nimezaliwa ngosha, nitazikwa ngosha." Ngosha kwetu ni mwanamume, na baba alilitamka kama mtu anayefunga mlango. Mimi, mjinga wa Mungu, nikaona nimemwokoa.

Wiki mbili zikapita, ya tatu ikaja na homa. Mkojo ulikuwa wa mawingu, na mzee hakumaliza hata kibuyu cha uji. Nyumbani hakuna aliyethubutu kutaja hospitali.

Jumamosi ya wiki hiyo bwana mifugo alinikuta machinjioni sina raha. Tulimwita Mzee Bakari, mtu wa Tanga aliyeletwa huku kikazi akazeekea kwetu. Aliniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Hakucheka. Alikuwa anakagua nyama ya fahali aliyechinjwa alfajiri, akaniita karibu, akaniuliza koleo letu la kuhasi linabana wapi. Nikamwonyesha: kwenye mshipa, juu ya korodani, nje ya mwili.

Akaniambia nifuate kwa kidole. Nikaufuata mrija wa mbegu, mwembamba na mgumu kama uzi wa kushonea magunia ya pamba. Ulitoka kwenye korodani, ukapanda kinenani, ukaingia tumboni, ukapinda nyuma ya kibofu, na mwenzake akaja kutoka upande wa pili. Hapo palikuwa na tezi mbili zenye mafundo mafundo, akasema hizo ndizo zinazoziongezea mbegu majimaji. Kisha akanibonyeza kidole shingoni mwa kibofu, mahali penye kipete chembamba kilichoizunguka njia ya mkojo. Mirija ile miwili inapenya hapo hapo na kuingia katika njia hiyo.

"Hii ndiyo tezi dume," akasema. "Kwa fahali ni kipete tu. Kwa baba yako imenenepa kwa uzee, imeikaba njia. Korodani zake hakuna atakayezigusa."

Akafuta kisu chake, akaongeza, "Miaka mitatu unabana mishipa ya mafahali na hujui inakwenda wapi. Kutojua si kosa, kijana. Kosa ni kumtafsiria mzee neno ambalo wewe mwenyewe hulijui."

Maneno hayo yaliniuma, na yalistahili kuniuma. Lakini kazi ngumu ilikuwa bado. Kwetu mtoto hataji viungo hivyo mbele ya baba yake. Nilichuchumaa zizini, macho chini, nikachora kwa kijiti kibofu, kipete na mirija yake, nikataja kila kitu kwa jina. Wahenga walisema mficha uchi hazai; mimi nakwambia hata kupona haponi.

Baba aliutazama ule mchoro mpaka kuku wakaanza kuukanyaga. "Kumbe," akasema, "aliyetaka kunihasi ni wewe." Akacheka, kicheko cha kwanza tangu mpira ule uingie.

Jioni hiyo hiyo tulirudi hospitali. Wakatibu homa kwanza, kisha wakampasua. Daktari alieleza kwamba baada ya hapo mbegu zinaweza kurudi kibofuni badala ya kutoka nje. Safari hii nilimuuliza mara mbili kabla sijamtafsiria baba. Baba akajibu kwamba ana watoto kumi na mmoja, mbegu nazo zikapumzike.

Asubuhi moja baada ya kurudi nyumbani, mpira umeshatolewa, aliniita nyuma ya zizi. Nikakimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amesimama wima, amenipa mgongo, na maji yanatoka kwa nguvu. "Unasikia?" akaniuliza. Nikamwambia nasikia, baba. Nilifurahi mpaka nikatokwa na machozi, na sioni haya kukwambia.

Mwaka jana zamu ilinifikia mimi. Nilikwenda kupimwa kwa miguu yangu, na daktari nilimtajia kila kitu kwa jina.

Basi, mwanangu, ujue mwili wako kabla haujaugua, hata kile kilichojificha ndani. Neno usilolielewa liulize, usiliogope wala usilibebe kumpelekea mwingine. Na siku mzee wako akianza kuamka amka usiku na kukawia chooni, usimwonee haya, mpeleke.

Mungu akujalie ng'ombe zizini na watoto mezani, akuzeeshe ukiwa ngosha, na kila asubuhi ukisimama nyuma ya zizi lako, maji yatoke bila kubembelezwa.